Mafuta ya Juu ya Pipa

Mwalimu Herieth Melkiadi amezaliwa Kumsenga, ameolewa Kasulu na anafundisha kemia Kibondo, kwa hiyo nusu ya maisha yake ameimalizia barabarani. Usimwonee huruma, siku hizi ni lami. Zamani alikuwa akishuka kwenye gari kope nyekundu kwa vumbi, mtoto mgongoni, begi la kompyuta kifuani, na akifika ukweni anapiga magoti kusalimia kana kwamba ametoka chumba cha pili. Ni mrefu, mkimya kidogo, na kicheko chake huchelewa: wenzake wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine ndipo yeye anaanza kucheka.

Ugonjwa wake ni kompyuta, na aliupatia Nyarugusu. Alipelekwa kambini kusimamia mitihani, na mchana mmoja akaingia katika chumba ambamo Serge, mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa akifundisha vijana kuandika programu. Nia yake ilikuwa kuchaji simu tu. Alitoka jioni na simu haina chaji, maana waya alikuwa ameusahau mkononi. Tangu hapo Serge akawa mwalimu wake na yeye mwanafunzi, kwa simu, kwa ujumbe, kwa kelele za mtandao unaokatika kila wingu likipita.

Baadaye akagundua kitu ambacho, ukimwacha akueleze, chai yako itapoa. Ni maktaba ya programu, ya bure, iliyotungwa na watu wa mbali asiowajua, ya kukokotoa mambo ya joto na michanganyiko. Unaiambia mchanganyiko wako una nini na nini na kwa kiasi gani, unaipa nyuzi za joto, nayo inakujibu: hiki kitaganda, hiki kitabaki majimaji, na ndani ya kila upande kutakuwa na hiki na hiki. Kila upande wa aina hiyo wanakemia huuita fezi. Barafu ikielea kwenye glasi ya maji, barafu ni fezi yake na maji ni fezi yake. Amri za maktaba hiyo zilikuwa za Kiingereza, basi Herieth akazitungia majina ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wake. Amri moja aliiita weka_jumla: hapo unaandika vilivyomo katika mchanganyiko mzima. Nyingine aliiita weka_fezi: hapo unaandika vilivyomo katika upande mmoja tu, halafu programu inakutafutia upande wa pili unaoweza kukaa nao pamoja. Wanafunzi waliipenda ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Na mwalimu wao, tusifichane, aliipenda ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa njoo kwa mama mkwe, maana bila yeye hakuna habari hapa.

Mama Valeria ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokamua mawese huko bondeni, chini ya mji wa Kasulu. Mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Mafuta yao ni mazuri, mekundu, yana harufu ya kukufanya utafute ugali ulipo, lakini yana kasoro moja. Yakipanda Kibondo kwenye baridi ya asubuhi, yanaganda ndani ya chupa, chini yanakuwa mazito kama mafuta ya kupaka, juu yanabaki na kaukungu. Wenyeji hawajali, wanaweka chupa karibu na jiko yanayeyuka. Lakini watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya joto wanaitazama chupa kwa jicho la pembeni na kusema mafuta haya yamechanganywa na kitu.

Ukaja mradi mmoja ukawakopesha tangi la kupozea. Ni tangi zuri, la chuma kisichoshika kutu, maji ya mto yanazunguka nje yake na pangaboi linakoroga ndani. Mafuta yakipoa humo taratibu, yale mazito yanaganda kwanza, unayachuja kwa kitambaa, na yanayobaki hayagandi tena ovyo. Hiyo ndiyo nadharia. Afisa wa mradi, dada mmoja wa Tanga aitwaye Shamsi, aliwaambia wazi kabisa: tangi ni la majaribio mpaka kiangazi kiishe. Likitoa mafuta maangavu, yaani ya kuonekana upande wa pili, linabaki kwao moja kwa moja. Lisipotoa, linakwenda kwa kikundi kingine.

Tatizo, tangi halikuja na maelezo ya kufaa. Lipoze hadi nyuzi ngapi? Hakuna aliyejua, na kila shamba lina michikichi yake. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ni afadhali lirudishwe kabla halijawatia aibu. Hapo Mama Valeria akasimama, akakaza kitenge chake, akasema, "Mkamwana wangu ni mwalimu wa kemia. Yeye atatwambia. Akishindwa, uenyekiti nauacha." Akakaa. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo, na maneno yakisha kutoka mbele ya wanawake wa bondeni hayarudi.

Herieth alipopata habari hizo kwa mumewe, William, alimwomba azirudie. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiishi na Mama Valeria kwa heshima ya mbali, ile ya kunyenyekea na kuitikia. Hajawahi kumbishia. Hajawahi hata kufunua sufuria yake bila kutumwa, kwa sababu kwao Kumsenga alifundwa kwamba mkamwana anayechungulia vyombo vya mama mkwe anahesabu chakula cha mwenzake. Na sasa mama huyo amemwekea dhamana cheo chake. Akapiga simu, akaomba kwa adabu, "Mama, naomba kichupa kimoja tu cha mafuta ya pipani, nipeleke maabara wayapime."

Kichupa kikaja na gari, kimefungwa kwa kitambaa safi. Herieth akakipeleka maabara, majibu yakarudi: mafuta ya aina hii asilimia kadhaa, ya aina ile asilimia kadhaa. Akayaingiza katika programu kwa weka_jumla. Jibu likatoka safi mno: pozeni hadi nyuzi ishirini, kitaganda kidogo tu, chujeni. Akawapigia. Alifurahi kiasi kwamba siku ile darasani hakumkaripia mtu.

Wanawake wakapoza hadi nyuzi ishirini, kama walivyoambiwa. Mafuta yakawa uji. Uji mzito wa kusimamisha mwiko, pangaboi likakwama, na kwenye kitambaa cha kuchujia halikupita hata tone. Na kana kwamba bahati mbaya ilikuwa inasubiri mlangoni, Shamsi akatokea siku hiyo hiyo kukagua. Hakuwasema vibaya. Aliwapa pole, akaangalia tangi, akasema kwa upole wa Tanga, "Nitarudi mwisho wa mwezi, mama zangu. Nikikuta hivi hivi, itabidi nije na gari la kulibeba." Mama Valeria alimsindikiza mpaka njiani, akarudi, akaanza kukomba uji ule kwa mikono, na hakumpigia mkamwana wake simu.

Kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza Herieth kuliko matusi. William ndiye aliyemweleza. Akakaa na kompyuta yake, akapitia programu mstari kwa mstari, akiona haya peke yake chumbani. Hakuona kosa. Akamtumia Serge. Serge akapiga baada ya muda.

"Madame, mi nimeangalia yote," alisema. "Programme iko bien, haina shida. Njo ile data inasema bongo."

Bongo, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ni uongo. Herieth akaudhika. Maabara ile imepima kwa mashine ya maana, na mafuta yametoka kwa mama mkwe wake mwenyewe, ambaye hata kuku wake hawezi kuwadanganya. Uongo uingilie wapi?

"Mi sijue," Serge akasema. "Uulize mafuta."

Wiki ile baridi ya Kibondo ilikuwa na hasira. Asubuhi moja akaja Recho, mwalimu wa historia, jirani yake ukuta kwa ukuta, ameshika kikaango. "Nipunguzie mafuta yako kidogo, shoga. Yangu yamekuwa mshumaa, na nina haraka."

Herieth akachukua chupa yake kwenye kabati la jikoni, ile anayopewa na mama mkwe kila aendapo Kasulu, akammiminia. Yakatiririka.

Recho akatazama kikaango, akatazama chupa. "Haya yako unanunua wapi?"

"Ni ya kikundi cha mama mkwe wangu."

"Acha utani. Na yangu ni ya kikundi hicho hicho. Nilinunua kwa mama yule anayekuja sokoni, pipa ni lile lile. Mbona yako hayagandi?"

Recho akaenda zake kukaanga mayai. Herieth akabaki amesimama na chupa mkononi, ameiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na kaukungu. Akajaribu kukumbuka chupa nyingine za mama mkwe, ya mwezi uliopita, ya mwaka jana, ile aliyopewa alipomzaa mwanawe Gasper. Hakuna hata moja iliyowahi kuganda Kibondo. Yeye alikuwa akidhani ni jiko lake lina joto.

Pipa likitulia, mazito huzama chini na mepesi hubaki juu. Kila mara Mama Valeria alikuwa akishusha upawa taratibu asitibue, akamchotea yeye yale ya juu kabisa. Sokoni yalikwenda yaliyochanganyika. Na alipoombwa kichupa cha kupeleka maabara kwa watu wa mjini, je, angewapa wageni ya chini? Mtu wa bondeni gani anampa mgeni masalia? Alichota ya juu, akayafunga kwa kitambaa safi. Maabara ikapima ya juu, ikasema kweli kabisa. Ni Herieth aliyeiambia programu kwamba hayo ndiyo pipa zima, na programu haina tabia ya kuuliza. Unachoitajia inakichukua kuwa ndicho chote, usichokitaja kwake hakipo.

Alilia, na siri hiyo aliwahi kuisema mwenyewe. Alilia kwa sababu miaka yote alidhani mama yule anamvumilia tu, kumbe alikuwa akipendwa kwa upawa. Halafu akaosha uso, maana kulikuwa na kipindi cha kwanza kidato cha tatu.

Jumamosi akapanda gari. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Fikiria mwenyewe: utamwambiaje mama mkwe kwamba wema wake ndio uliowaponza? Tena mbele yake kuna jambo gumu zaidi, la kumwomba afungue pipa, mkamwana atie jicho ndani. William alikuwa amejitolea kuongea kwa niaba yake, lakini Herieth akakataa. Maneno ya aina hii ukimpa mtu akubebee, yanafika yamevunjika.

Alimkuta kwenye banda la kikundi, peke yake, anaosha vitambaa. Akapiga magoti, akamwamkia kwa Kiha. "Mwakeye, mama."

"Mwakeye, Mama Gasper. Umepoteza njia?"

"Nimekuja kwa habari ya mafuta, mama. Kosa nimelipata."

Mama Valeria akaendelea kukamua kitambaa. "Kosa la nani?"

"La kwangu mama. Nilikuomba mafuta ya pipani, sikukwambia nataka ya pipa lote, ya juu na ya chini. Wewe ukanipa kama unavyonipa siku zote."

Maji yakawa yanadondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Nilikupa ya juu," Mama Valeria akasema polepole. "Ningekupa yapi?"

"Najua, mama. Ndiyo nimekuja. Naomba leo unionyeshe ya chini."

Mama yule akamwangalia kwa muda mrefu, na Herieth akaona jinsi ilivyo vigumu kwake. Kumfunulia mkamwana chini ya pipa ni kama kumpokea mgeni kabla hujafagia. Lakini akajifuta mikono, akachukua ufunguo, akafungua stoo. Pipa lilikuwa limetulia kwenye ubaridi wake wa kila siku. Akaondoa kifuniko mwenyewe, kisha akasogea pembeni.

Herieth akashusha kijiti taratibu. Kikapita kwa wepesi, kikafika mahali kikagota kwenye yaliyoganda, akaweka alama. Akakisukuma mpaka chini, akaweka alama ya pili. Akaomba kuchota donge la yale ya chini, akalikamua ndani ya kitambaa, kwa sababu mafuta yaliyoganda huwa yamekumbatia mengine majimaji ndani yake na hayo usiyahesabu kuwa yameganda. Akapima joto la pipa. Mama Valeria alikuwa amemshikia tochi.

Kisha wakatoka nje, kompyuta ikawekwa juu ya kigoda. Majibu ya maabara hayakuwa ya kutupa, hiyo ndiyo furaha yenyewe. Yalikuwa majibu sahihi ya upande mmoja. Safari hii Herieth hakuandika weka_jumla. Aliandika weka_fezi, akataja fezi ya majimaji, akaweka asilimia zile zile za maabara na joto la pipa. Programu ikamtafutia fezi iliyoganda inayoweza kukaa chini ya mafuta kama hayo. Akaipa na kipimo cha kijiti, ya juu kiasi gani na ya chini kiasi gani, na vyote viwili vikajumlishwa kuwa pipa zima, la kweli, kwa mara ya kwanza. Akauliza upya lile swali la kupoza.

Jibu lilikuwa tofauti na la kwanza kama mchana na usiku. Kwa mafuta haya, nyuzi ishirini ni uji, programu yenyewe ilikiri. Yapashwe kwanza mpaka yayeyuke yote. Yapozwe polepole hadi nyuzi ishirini na tano, yachujwe. Yaliyochujwa yapozwe tena hadi ishirini, yachujwe mara ya pili. Yatakayobaki kwenye kitambaa yanafaa sabuni.

"Una hakika?" Mama Valeria akauliza.

Herieth alitaka kusema ndiyo. "Sina hakika yote, mama. Lakini safari hii nimeiambia ukweli."

Mama Valeria akaitikia kwa kichwa, akatuma kuitwa wenzake.

Wanawake walikuja shingo upande, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuni za kupika uji zimekwisha. Wakawasha moto hata hivyo. Tangi likapashwa, maji ya mto yakafunguliwa kidogo kidogo, pangaboi likazunguka. Siku hiyo ikaisha mafuta yakiwa bado yanapoa, na Herieth alilala ukweni, akaamka mara nyingi kuwaza. Kesho yake, baada ya ibada, kipima joto kilipogusa ishirini na tano, wakafungua bomba juu ya kitambaa.

Kitambaa kikalowa. Halafu kikaanza kudondosha, tone, tone, kisha uzi mwembamba mwekundu ulionyooka mpaka kwenye ndoo. Aliyelalamikia kuni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kuchungulia. Walirudia kwa nyuzi ishirini, na uzi ukatoka tena.

Shamsi alirudi mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na ni kweli alikuja na gari la kubeba. Wakamwekea glasi mbili za mafuta yaliyochujwa juu ya meza, zilizokuwa zimelala nje kwenye baridi. Akaiinua moja, akatazama mlima upande wa pili kupitia mafuta, akauona. Akauliza ilikuwaje mara ya kwanza ikashindikana.

Herieth alifungua mdomo. Mama Valeria akamwahi. "Mimi ndiye niliyempa mkamwana wangu mafuta ya juu tu. Sikutaka apate mabaya."

"Na mimi sikuuliza," Herieth akasema. "Niliogopa kuuliza."

Shamsi akawatazama wote wawili, akacheka, akamwambia dereva azime gari anywe chai. Tangi halitaondoka, akasema. Karatasi za kulikabidhi zingekuja. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wakatoka shuleni upande wa pili wa mto kuangalia kuna nini.

Walipotawanyika, mama na mkamwana wakabaki bandani. Kulikuwa na mafuta ya awamu nyingine ya kuchuja kabla ya jioni. Mama Valeria alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kitambaa, mafuta yanapita.

"Hiyo programu yako," alisema, "ukiipa ya juu tu, haiulizi ya chini yako wapi?"

"Haiulizi, mama. Inachukua ulichoipa."

"Basi wewe uwe unauliza. Mimi si mashine, na wala sikuli."

Herieth alicheka, na safari hii hakuchelewa. Kisha akamtazama mama mkwe wake vizuri, mikono ile, mgongo ule ambao hajawahi kuuona umeegemea kitu.

"Mama," akauliza, "umechoka?"

Mama Valeria akamtazama kama mtu anayetafuta neno ambalo hajalitumia siku nyingi.

"Nimechoka, mwanangu," akasema. "Nimechoka sana." Akamwachia kitambaa, akavuta kigoda, akakaa.